Dawa Nyeusi ya Bwana Afya

Bwana Afya hakumpa mtu mkono. Miaka yote aliyokaa kijijini kwetu, upande wa Mkunya, sikumwona hata mara moja akishika kiganja cha mwenzake kwa salamu, awe mwenyekiti wa kijiji, awe padre, awe mkubwa wa serikali aliyetoka Newala mjini kwa Landrova. Ukimnyooshea mkono alirudi nyuma, akaificha mikono yake nyuma ya kaptura ya kaki, akasema, "Salamu ya mdomo yatosha." Mzee mmoja jirani yetu alibaki amenyoosha mkono hewani huku wajukuu zake wakimtazama. Tangu hapo kila alipokutana na Bwana Afya njiani aligeuza uso na kutema mate. Bwana Afya akaona mate yale ni kosa la afya, akamwamuru mzee wa watu afyeke nyasi za zahanati mpaka jua lizame.

Alitoka mikoa ya kaskazini, mtumishi wa serikali, akaletwa kwetu wakati watu walipokuwa wanahamishwa kutoka kwenye viunga vyao vya mikorosho kuja kujenga kwa mistari katika kijiji cha ujamaa. Mimi nilikuwa msichana wa shule, nikiishi na bibi yangu na dada yangu mkubwa, Ester. Nilimchukia Bwana Afya nikiwa mdogo kwa sababu za kitoto. Baadaye nilipata sababu za mtu mzima, na hizo hazijaniisha.

Alikuwa mrefu, mwembamba, soksi zimepandishwa mpaka magotini, na alinuka dawa. Mikono yake ilikuwa ya rangi tofauti na mwili wake, imepauka na kuchanika kwenye viungo vya vidole kama udongo wa kiangazi, kwa sababu ya kuoshwa kila saa. Alikula tu vitu vyenye maganda yake: mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, karanga za maganda, ming'oko, ile mizizi ya porini, aliyoimenya mwenyewe. Katika arusi ya Ester, mbele ya sinia za wali na kuku ambazo bibi alihangaikia msimu mzima, Bwana Afya alitoa mayai mawili mfukoni, akayapasua kwenye ukingo wa meza, akala akiwa amesimama. Mama wa bwana arusi alidhani chakula kina sumu, naye akaacha kula.

Ungemsikia akisema maneno yake kabla hujamwona. "Kijidudu hakina kadi ya chama," alisema kwenye mikutano. Akimwona mama anamtafunia mtoto ugali wa muhogo kabla ya kumlisha, alisema, "Unamlisha mwanao kaburi." Na akiingia nyumba ya mtu hakubisha hodi. Alisema hodi ni ya wageni, yeye ni mkaguzi. Alifunua mitungi, akapekua matandiko, akavuta kope za watoto chini kwa kijiti. Neno "safi" sikulisikia likitoka kinywani mwake kumhusu mtu yeyote wa kijiji kile. Uliposugua kabisa, mpaka sakafu ikang'aa, alisema, "Afadhali."

Na maji? Anayejua uwanda wetu wa juu anajua habari ya maji. Bomba la kijiji lilitoa hewa kuliko maji, na kiangazi wanawake waliteremka bondeni alfajiri, wakapanda na ndoo vichwani, miguu ikitetemeka kwenye mteremko. Bwana Afya aliamuru kila mtu aoge mara mbili na kila chombo kisuuzwe mara tatu. Ester alipomwambia, kwa adabu, "Bwana Afya, maji hayo tutayatoa wapi?" alimjibu, "Kule unakoyatoa ya kupikia uraka." Ester hakuwahi kupika pombe maishani mwake. Alikuwa anaimba kwaya kanisani.

Kwa bibi yangu alifanya jambo ambalo kijiji kizima kilililaani kimyakimya. Bibi alikuwa na ndonya, kile kipande cha mti mweusi ambacho wanawake wa zamani wa Kimakonde walikivaa kwenye mdomo wa juu. Wasichana wa umri wangu hatukuvaa tena, na wengine tuliona haya, lakini kwa bibi ndonya ilikuwa sehemu ya uso. Bwana Afya aliwakusanya vikongwe wote wenye ndonya kwenye uwanja wa zahanati, akasema nyuma ya vipande vile vya mti vijidudu vimejenga vijiji vikubwa kuliko chetu. Aliwasha moto, akabandika debe la maji.

"Toeni. Zote zichemshwe."

Bibi alisema, "Nangu, mimi, nimezeeka nayo. Nitakufa nayo."

"Utakufa kwa sababu yake."

Mgambo wawili walisimama nyuma yao. Wakatoa. Sijui kama umewahi kuuona mdomo uliozoea ndonya ukiwa mtupu: unaning'inia, mate yanatiririka, maneno hayashikiki. Vikongwe wale walikaa wakijifunika kwa kanga huku debe likichemka, na watoto wa shule, tulioambiwa tuje tujifunze, tukiwatazama. Bwana Afya alizitoa ndonya kwa kijiti moja moja, nyingine zimepasuka kwa moto. Ya bibi ilipasuka. Hakuchonga nyingine. Tangu hapo aliongea ameweka mkono mdomoni, na kwenda kanisani aliacha.

Sasa nitasema na hili, kwa sababu nikilificha nitakuwa nimedanganya. Mtu huyohuyo alikuwa jasiri. Vita ya Msumbiji ilikuwa ng'ambo ya Ruvuma, na watu walivuka kwa makundi, wengine wamebeba watoto, wengine hawana hata sufuria. Ndege za Wareno ziliposikika tuliingia kwenye mahandaki tuliyochimba nyuma ya nyumba. Bwana Afya aliingia wa mwisho kila mara, baada ya kuhakikisha kila mtu kaingia. Kweli, akishaingia alituamuru tukae mbalimbali na kujifunika midomo, na ndege zikiwa juu ya vichwa vyetu alimgombeza mtoto aliyekuwa anajikuna kichwa. Lakini aliingia wa mwisho.

Kisha wakimbizi waliwekwa kwenye mabanda karibu na kijiji, na ugonjwa wa kuhara damu ukaingia. Watu wetu waliogopa kusogea. Bwana Afya, asiyeshika kiganja cha mtu, nilimwona kwa macho yangu akitoka bandani amembeba mgongoni mwanamke wa Kimakua anayevuja, kinyesi na damu vikimtiririka kwenye soksi zake nyeupe. Alimpeleka mpaka kwenye gari la hospitali. Akarudi akabeba mwingine. Alichimbisha vyoo, akachemshisha maji, akalinda kisima cha bondeni kwa fimbo, na ugonjwa ukakoma. Wapo watu wazima leo wanaotembea kwa sababu yake. Alipomaliza alijifungia nyuma ya zahanati akajisugua kwa brashi ya sakafu mpaka ngozi ikatoka.

Vijidudu vile vya kuhara vilikuwa adui kweli, na yeye alivishinda. Nadhani hapo ndipo alipopotea. Alidhani vyote ni hivyo.

Hadubini ndiyo iliyomharibu kabisa. Aliiazima kutoka hospitali ya wilaya kwa ajili ya kampeni ya usafi, akaiweka juu ya meza mbele ya mkutano wa kijiji. Akaniita mimi, kwa kuwa nilikaa mstari wa mbele. Akaniambia nifunue kinywa, akakwangua meno yangu kwa kijiti, akapaka kwenye kioo na kudondoshea tone la maji.

"Njooni muone anachokibeba msichana huyu mdomoni."

Watu walipanga foleni. Kila aliyeinama juu ya mrija ule aliinuka akaniangalia. Wengine walicheka, wengine walitema mate. Nilipoangalia mimi niliona vitu vidogo vikipinduka, vingine kama vijiti, vingine kama nyoka wembamba, vingi kuliko watu wa mnadani. Nililia pale pale mbele ya wavulana wa darasa langu.

Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mtaratibu, hakupenda makelele. Alisogea akasema, "Bwana Afya, tumeona ya mtoto. Weka na ya kwako basi, tufananishe safi na chafu."

Bwana Afya hakusita. Naamini alikuwa na hakika kabisa kwamba kioo kitakuwa cheupe. Alikwangua meno yake mwenyewe, yale meno aliyokuwa akiyapiga mswaki kwa chumvi baada ya kila yai, akainama. Aliinama muda mrefu. Mwenyekiti alipoomba naye aone, Bwana Afya aliondoa kioo, akakitia kwenye dawa, akaifungia hadubini kwenye sanduku lake. "Mkutano umekwisha," alisema. Uso wake ulikuwa umepauka kama mikono yake.

Mtu mwingine pengine angejiuliza: kama hata mimi ninavyo, na siumwi, je, ni vya nini? Yeye hakujiuliza. Kuanzia hapo aliacha sakafu na mitungi, akaanza vita na mwili wenyewe. Alimeza vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, anavyopewa mgonjwa wa homa ya mapafu; yeye alivimeza akiwa mzima, kama mtu anavyomeza chumvi. Akawamezesha na wengine. Mtoto akitoka kipele, vidonge. Mzee akijisikia uchovu, vidonge. Watoto wachanga wakaanza kutoka utando mweupe mdomoni, matumbo ya watu yakawa yanalegea, na yeye akasema huo ni uchafu unaotoka, tuongeze.

Kisha ikaja dawa nyeusi. Ilikuwa nyeusi chupani na ukiimimina majini iligeuka nyeupe kama tui, na harufu yake iliingia mpaka kwenye chakula. Ilikuwa dawa ya kusafishia vyoo na sakafu za zahanati. Bwana Afya aliwakusanya akina mama waliojifungua, akasimama mbele yao na fimbo yake na mchoro aliouchora mwenyewe, akasema mwanamke aliyezaa ni mlango ulioachwa wazi. Kila mmoja ajioshe kwa dawa ile, na si nje tu, ajioshe ndani, asubuhi na jioni, mpaka atakapomwambia basi. Wanawake walitazama chini. Hakuna mwanamume aliyewahi kusema mambo hayo mchana kweupe katika kijiji chetu.

"Na isipowasha, ongezeni dawa," alisema. "Ikiwasha ndiyo inafanya kazi."

Ester alikuwa amemzaa Danieli, mtoto wake wa kwanza, na tangu hapo tukamwita Mama Danieli. Alikuwa mtu wa kutii. Alichota maji yake bondeni, akayachanganya na dawa, akajiosha asubuhi na jioni. Alijua kuuma meno na kuvumilia. Bibi, mkono mdomoni, alimwambia, "Mwanangu, kitu kinachoua nzi chooni, wewe unakipeleka wapi?" Ester alisema, "Bibi, ni amri ya afya."

Haikuchukua muda akaanza kuumwa. Alitoka uchafu uliokuwa haujawahi kumtoka, na harufu, na vidonda vilivyomfanya akae upande mmoja. Alivyozidi kunuka ndivyo alivyozidi kujiosha, na alivyojiosha ndivyo alivyozidi. Mumewe, Baba Danieli, alihamia kulala barazani. Wakati ule wanajeshi walikuwa wamepiga kambi njiani kwa sababu ya vita, na watu walikuwa na maneno yao juu ya wanawake na wanajeshi. Siku moja Baba Danieli aliyasema maneno hayo kwa sauti.

Tukaitana barazani kwa mwenyekiti. Ester alikaa mkekani, kanga imembana, Danieli anamnyonya. Mimi nilikaa nyuma ya bibi. Baba Danieli alisema mkewe amepata ugonjwa wa zinaa, na yeye hana, sasa ameutoa wapi kama si kambini?

Ester alisema, "Sijamjua mwanamume mwingine. Ugonjwa huu ulianza na dawa. Mwulizeni Bwana Afya mwenyewe, ndiye aliyenipa."

Mwenyekiti akamgeukia. "Bwana Afya, wewe ndiye mtaalamu. Dawa ile yaweza kumfanyia mtu hivi?"

Nakumbuka alivyosimama. Alinyoosha kaptura yake. Hakumtazama Ester.

"Dawa yangu inaua uchafu," alisema. "Haizai uchafu. Mwanamke akitumia dawa hii na bado ananuka, basi uchafu wake una chanzo kingine kinachorudiwa mara kwa mara. Chanzo hicho akitafute mumewe."

Basi. Kwa mila yetu mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Lakini baada ya mtaalamu wa serikali kusema vile, mjomba wetu aliinamisha kichwa, na Baba Danieli alipoinuka na kumtoa Danieli kwenye titi la mama yake, akisema mwanawe hatanyonya ugonjwa, hakuna aliyemzuia. Mtoto alilia mpaka walipokata kona ya mikorosho. Baba Danieli alihamia Masasi, akaoa mke mwingine. Ester aliacha kujiosha kwa dawa ile si kwa sababu alijua, bali kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuteremka bondeni, na polepole, bila dawa yoyote, akapona. Ila hakuzaa tena. Na kwaya hawakumwita.

Bwana Afya alihamishwa baadaye kwenda wilaya nyingine. Walimpa barua ya sifa kwa ajili ya vyoo.

Mimi nilisoma uuguzi kwenye hospitali ya misheni, na nikabaki kufanya kazi hukohuko. Mwaka wa kwanza mwalimu wetu, mama mmoja mpole asiyeinua sauti, alitufundisha kwamba binadamu hakai peke yake katika mwili wake. Mtoto akizaliwa tu anapokea vijidudu kutoka kwa mama yake, na kutoka hapo vinakaa kwenye ngozi, kinywani, tumboni, na katika njia ya uzazi ya mwanamke, maisha yake yote. Alisema vingi havina ubaya na vingine vinatulinda. Vile vya njia ya uzazi vinatengeneza uchachu ambao vijidudu vibaya haviupendi. Ukiviua, uchachu unakwisha, na vibaya vinapata nafasi. "Kwa hiyo," alisema, "mwanamke akija na tatizo hili, swali la kwanza msimuulize habari za mumewe. Mwulizeni anajiosha na nini."

Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye bomba la uani, nikafungua maji ili wasinisikie. Nililia kwa hasira. Ester wangu hakuwa na kosa, hakuwa na uchafu, alikuwa na walinzi wake tangu siku aliyozaliwa, na mtu mmoja mwenye soksi alimwamuru awaue, kisha akamwita mchafu kwa sababu wamekufa. Likizo ilipofika nilimweleza. Alinisikiliza huku anachambua mboga. "Kwa hiyo nilikuwa nasema kweli," alisema. "Ndiyo, dada." "Nilijua nasema kweli," alisema. "Nilitaka mtu mwingine ajue."

Danieli alikulia Masasi. Alikuwa kijana mrefu, anafanya kazi kwenye ghala la korosho, na aliambiwa tangu mdogo kwamba mama yake alikuwa mwanamke wa wanajeshi. Wakikutana msibani alimwamkia, "Shikamoo mama," kama anavyomwamkia mama yeyote, akapita. Nyumbani kwa Ester hakuwahi kukanyaga. Nilijaribu kumweleza mara moja habari za uchachu na vijidudu. Alinijibu, "Mama mdogo, wewe ni ndugu yake. Utasema nini kingine?"

Vita ilikuwa imekwisha zamani, Msumbiji imepata uhuru wake, wakimbizi wamerudi, na watoto wa wakati ule wamekuwa wazazi, siku Bwana Afya alipoletwa kwenye wodi yangu. Alikuwa amestaafu na kuja kuishi kwa binti yake aliyeolewa upande huu. Sikumtambua kwa sura. Nilimtambua kwa mikono. Alikuwa amekonda, anahara, hawezi kumeza, na nilipomwambia afunue kinywa niliona utando mweupe umejaa ulimi na kaakaa mpaka kooni. Daktari aliuliza anatumia dawa gani. Binti yake alitoa mfuko: vidonge vya rangi mbili. Alikuwa anavinunua madukani na kuvimeza miaka yote ile. Daktari alisema ameua kila kilicho chema tumboni na kinywani mwake, na fangasi imechukua nafasi. Vidonge vikasimamishwa. Nikapangiwa mimi kumsafisha kinywa, asubuhi na jioni.

Nilifanya kazi yangu. Sikumwambia mimi ni nani, wala sikumwambia neno la faraja. Wagonjwa wengine niliwaita baba, babu. Yeye nilimwambia, "Funua. Funga. Tema."

Ester alikuwa na desturi ya kuniletea chakula akipita kwenda gulioni. Siku hiyo aliingia na kikapu mpaka wodini, akaniona niko kitandani kwa mzee, akasimama. Yeye alimtambua mara moja.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba," alisema, kwa shida. "Nani?"

"Mama Danieli. Wa kule kijijini, upande wa Mkunya. Ulisema mbele ya watu kwamba nanuka na mume wangu akatafute chanzo."

Nilidhani hatakumbuka. Alifumba macho. Alipofumbua alisema, "Ulikuwa unanyonyesha."

"Nilikuwa nanyonyesha."

"Wengine walikuja kabla yako," alisema. "Wanawake. Walikuja kwangu zahanati kwa siri, wana vidonda vilevile. Nikawaambia waache dawa."

Pamba niliyoshika ilianguka. Kwa miaka yote nilimchukia nikidhani ni mjinga mwenye fimbo. Ester aliweka kikapu chini.

"Kwa hiyo pale barazani ulijua."

"Nilijua."

"Na ukasema yale."

"Watu wale walichimba vyoo kwa sababu waliniamini. Ningesema mbele ya mkutano dawa yangu inadhuru, nani angechemsha maji tena? Kuhara damu kungerudi. Nilipima. Mwanamke mmoja, na kijiji kizima."

"Hukunipima," alisema Ester. "Ulinitupa."

Nilitaka Ester amtukane, amtemee, afanye lolote ambalo mimi kwa sare yangu nisingeweza. Badala yake alivuta kiti akakaa.

"Maneno hayo utayasema tena," alisema. "Si kwangu. Mimi nayajua. Utamwambia mwanangu."

Nilituma ujumbe Masasi kwa dereva wa gari la hospitali. Sikumwambia Danieli ni kwa nini; nilisema mama yake mdogo anamwita. Alifika saa ya kuwatazama wagonjwa, shati lina vumbi la ghala. Alipomwona Ester amekaa kando ya kitanda alitaka kugeuka. Nilimshika mkono.

"Huyu ndiye Bwana Afya," nilimwambia. "Yule aliyetoa neno barazani siku ulipochukuliwa. Msikilize yeye, mimi usinisikilize."

Danieli alisimama miguuni pa kitanda. Bwana Afya alijaribu kujiinua. Sikumsaidia. Akajiinua mwenyewe kwa viwiko, akakohoa, kisha akasema kwa sauti ileile ya mikutano, sauti ambayo sikujua kama bado anayo, mpaka wagonjwa wa vitanda vya mbali wakageuka.

"Ugonjwa wa mama yako niliuleta mimi, kwa dawa yangu. Hakukuwa na mwanajeshi. Hakukuwa na mwanamume yeyote. Nilijua siku ileile, nikasema uongo mbele ya baba yako na mbele ya kijiji. Mama yako alikuwa safi."

Danieli alimtazama mzee yule kwa namna iliyonifanya nijiandae kusimama katikati yao. Kisha alimtazama Ester, ambaye alikuwa ameinamisha uso na kukunja ncha ya kanga yake, akaikunjua, akaikunja.

"Mama," Danieli alisema. "Mama, umekula?"

"Bado," alisema Ester.

Danieli aliinama akakichukua kikapu. Walitoka pamoja, yeye mbele akimfungulia mlango, Ester nyuma, na kupitia dirishani niliwaona wakiketi kwenye kipande cha ukuta karibu na lango, kikapu katikati yao. Sikusikia walichoongea. Ester ndiye aliyekuwa anaongea.

Bwana Afya alikuwa amerudi kwenye mto, anapumua kwa shida.

"Wameondoka?"

"Wameondoka."

"Hawakuniaga."

"Hawakukuaga," nilisema. Nilichukua pamba mpya, nikaichovya, nikamwambia anyanyue kidevu, nikaendelea kusafisha ulimi.